Ini la Onesmo Halikusubiri Kikao

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tulikaririshwa hilo tangu darasa la kwanza, mikono tumeifunga kifuani. Haya, mtazameni Generoza wa Segese. Hakusikia la mkuu, na miguu yake yote miwili ni mizima. Angesikia, leo angekuwa mjane.

Generoza ana mkono mwepesi na jicho kali. Kazi yake ni karanga. Huzinunua kwa magunia kutoka kwa wakulima, huzimwaga kwenye ungo, huzichambua moja moja, ndipo huzikaanga na kuzisaga. Karanga iliyokunjamana, au iliyoshika ukungu wa kijani, haivuki mikono yake. Huzifukia shimoni zote. Hata kuku hawapewi.

"Mama Justa, unatupa chakula," mumewe humtania.

"Natupa sumukuvu. Ukungu huu unaharibu ini, na ini lako wewe nalijua lilivyo."

Mumewe ni Onesmo, mtu wa Mhunze, Kishapu. Alikuja Segese kwa ajili ya dhahabu, akaishia kwenye karasha, mashine inayoponda mawe ya wachimbaji. Kutwa yumo kwenye vumbi. Akirudi nyumbani, hata kope zake ni nyeupe.

Watu wa karasha wana imani yao. Wanasema vumbi la mawe haliteremki kwa maji. Linateremshwa na gongo. Basi kila jioni, mashine zikizimwa, hupitia kwa muuza gongo, kila mtu kikombe kimoja cha kusafisha koo. Kikombe cha kwanza hukiita cha pili. Kifua hakisafishiki, na ini linalipuka moto.

Miaka miwili nyuma, mwenzao mmoja aliangukiwa na kifusi. Onesmo akaenda kumchangia damu. Damu yake ilikataliwa. Ilikutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha kwamba ini lake limeanza kujaa makovu. Hali hiyo wataalamu huiita sirosisi. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Akaambiwa aache pombe kabisa. Akaambiwa pia kwamba kila baada ya miezi sita apigwe picha ya ini kwa utrasaundi.

Vidonge alimeza, kwa sababu Generoza alisimama mbele yake mpaka vishuke. Pombe aliipunguza, hakuiacha. Picha ndiyo aliyoikimbia.

"Nipigwe picha? Kwani naenda kuomba pasipoti?"

Jirani yao ni Bhoke, nesi, Mkurya wa Tarime mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Asubuhi moja ya Aprili alikuwa akianika sare zake za kazi. Akamwona Onesmo akifunga kamba za buti.

"Onesmo! Miezi sita imeshapita mara ngapi?"

"Mara moja tu, nesi."

"Mara nne! Ninyi watu wa Kishapu mnajua kuhesabu ng'ombe tu? Miezi inawashinda?"

"Na ninyi Wakurya, kuongea taratibu mmekatazwa na nani?" Onesmo alicheka. "Mimi mzima, nesi. Nabeba mfuko wa mawe begani. Umeona wapi mgonjwa anabeba mawe?"

Bhoke aliacha kuanika. Akasogea mpaka kwenye ua wa minyaa unaotenganisha nyumba zao.

"Ini halipigi kelele, Onesmo. Ukisubiri likuume, utakuwa umesubiri mno. Na ini lenye makovu ndilo saratani inalolipenda. Inaota humo kimya kimya, wewe unabeba mawe. Tukiikuta ingali kama limau, tuna la kufanya. Tukiikuta kama kibuyu, tutabaki kukupa pole."

Onesmo alifungua mdomo ajibu. Generoza akaweka ungo chini.

"Leo karasha itasaga bila wewe," alisema. "Vaa shati safi. Tunakwenda Kahama."

"Mama Justa..."

"Shati lile la bluu."

Mjini Kahama mpimaji alimlaza Onesmo kitandani, akampaka ute wa baridi tumboni, akapitisha kifaa chake chini ya mbavu. Alikuwa akipiga soga. Mara soga likakatika. Alirudisha kifaa mahali palepale mara nne. Generoza alizihesabu.

"Kuna uvimbe," alisema mwishowe. "Mdogo. Sentimita tatu hivi. Lazima mwende Mwanza kwa vipimo zaidi."

Mwanza walimlaza kwenye mashine kubwa ya mduara, ile inayokumeza nusu ya mwili. Walipima damu yake pia. Jibu likaja: saratani ya ini. Lakini ilikuwa moja tu, tena pembeni, upande wa kushoto wa ini. Haikuwa imeingia kwenye mishipa mikubwa ya damu. Tumbo lake halikuwa na maji. Macho yake hayakuwa ya njano. Ini lenyewe, pamoja na makovu yake, lilikuwa bado linafanya kazi.

Madaktari walikaa pamoja, wakaandika barua. Dar es Salaam, katika hospitali moja kubwa, kuna timu inayoondoa uvimbe wa namna hiyo kwa upasuaji wa matundu madogo. Kadi ya bima ya afya Onesmo alikuwa nayo. Siku ikapangwa: Jumatatu, baada ya wiki tatu.

"Na gongo?" daktari wa Mwanza aliuliza, macho hayatoki kwenye karatasi.

"Kidogo tu, daktari. La kuteremsha vumbi."

"Hilo vumbi literemshe kwa maji, na uzibe pua kwa kitambaa. Hata kikombe kimoja sitaki kukisikia."

Habari mbaya haina tairi ila hufika. Siku tatu baadaye, Mzee Luka alishuka kwenye basi la Shinyanga, fimbo mkononi. Huyu ndiye kaka mkubwa wa Onesmo, na ndiye msemaji wa ukoo. Generoza alipiga goti kama ilivyo desturi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Justa."

Alikaa, akala ugali wa mtama na mlenda, akashukuru. "Wabeja." Akanawa. Kisha akamtazama mdogo wake.

"Nimesikia unakwenda kupasuliwa."

"Ndiyo, kaka."

"Na neno la ukoo umelisahau?"

Hapa tusimame kidogo. Ndugu hawa walikuwa watatu: Luka, Wiliam na Onesmo. Miaka sita iliyopita Wiliam alipata uvimbe wa ini. Alipasuliwa, akafa. Baada ya maziko wazee wakaweka neno. Hakuna mtu wa ukoo huo atakayeguswa na kisu kabla kikao cha Mhunze hakijakaa na kuridhia. Na kikao hukaa mara moja kwa mwaka, sikukuu ya Nane Nane, mavuno yakiwa yameingia ghalani na watoto wote wamerudi nyumbani.

Siku ile ilikuwa bado Aprili.

"Wiliam aliingia hospitali kwa miguu yake," Luka alisema. Akapitisha kidole gumba tumboni mwake, kutoka ubavu wa kulia mpaka wa kushoto. "Wakampasua hivi. Siku ya tisa tukamtoa akiwa ndani ya sanduku. Saratani ikiguswa na kisu inapata hewa. Ikipata hewa inasambaa. Hilo kila mtu analijua."

"Daktari amesema uvimbe hautasubiri," Generoza alisema.

"Mimi sijakataa matibabu. Nasema tukae kwanza. Na wakati tunasubiri, yupo mzee pale Mhunze ana mizizi ya ini. Mizizi, na chale mbili tatu."

"Chale kwa wembe wa nani, shemeji?"

Luka alimgeukia Onesmo. "Mkeo anajibu kabla hajaulizwa."

Onesmo alitazama sakafu. Luka akainuka, akashika fimbo yake.

"Basi nisikilizeni wote wawili. Mama Justa, ukimpeleka bila kikao, na akafa, usimlete Mhunze. Mtafutie pa kumzika hukohuko. Na wewe mwenyewe usikanyage kwetu tena, wala mwanao asikanyage."

Hayo hayakuwa maneno ya hasira tu. Generoza aliyajua maana yake. Mwanamke aliyeua mume kwa ukaidi, ndivyo angeitwa mpaka siku yake ya mwisho. Na ile miezi mitatu na nusu mpaka Nane Nane, ndiyo ambayo ini la Onesmo halikuwa nayo.

Jioni hiyo alivuka ua wa minyaa. Bhoke alikuwa akipepeta mchele.

"Dada Bhoke, niambie ukweli. Usinipake mafuta."

"Nikupake mafuta, wewe ni chapati? Kaa. Uliza."

"Kisu kinasambaza saratani?"

"Hapana. Saratani haingoji hewa. Inasambaa kwa damu, yenyewe, hata tumbo likiwa limefungwa. Watu huona mgonjwa kapasuliwa, kisha kafa, wanakilaumu kisu. Huyo mara nyingi alifika saratani ikiwa imeshatangulia. Niambie kuhusu Wiliam. Tumbo lilikuwaje?"

Generoza alifikiri. "Kubwa. Kama mwanamke wa miezi tisa. Na macho ya njano."

"Kabla ya hospitali alikaa wapi?"

"Kwa mganga. Miezi mitano."

Bhoke alitikisa kichwa polepole. "Tumbo lile lilikuwa maji. Ini likishindwa kazi, maji yanajaa tumboni, macho yanakuwa ya njano. Ini la namna hiyo haliwezi kuhimili upasuaji, uwe mkubwa au mdogo. Onesmo hana hata kimoja cha hayo. Kwa nini? Kwa sababu ulimvalisha shati la bluu ukamburuta Kahama."

"Na haya matundu?"

"Ini lenye makovu linabana damu. Damu haipiti vizuri, kwa hiyo inatafuta njia za pembeni, vijishipa vingi kwenye ngozi na nyama ya tumbo. Ukimpasua mtu huyo kwa mkato mrefu, unakata vijishipa hivyo vyote. Damu inamwagika, na baadaye tumbo linaweza kujaa maji. Kwa matundu, tumbo haliguswi sana. Damu inayopotea ni kidogo. Ini halishtuki sana. Mgonjwa anainuka mapema."

"Anaweza kufa?"

"Anaweza." Bhoke hakupepesa macho. "Tundu ni dogo, ila kazi ya ndani ni kubwa. Ningekwambia hakuna hatari, ningekuwa tapeli. Wakati mwingine damu inakataa kukatika, wanalazimika kufungua tumbo kwa mkato mrefu. Wapo wasiofaa kabisa kwa njia hii. Hao wana tiba nyingine. Lakini mumeo amepimwa, na amefaa leo. Agosti sijui."

Generoza alirudi nyumbani. Hakulia. Alichukua ungo, akaanza kuchambua karanga, kwa sababu mikono yake ikifanya kazi na kichwa chake hufanya kazi.

Onesmo alirudi mapema. Alikuwa hanuki gongo. Alikaa karibu yake kwenye mkeka.

"Karanga hii imeshika ukungu," Generoza alisema, akamwonyesha. "Niifanyeje?"

"Itoe."

"Nisingoje Nane Nane?"

Onesmo alicheka, kisha akaacha kucheka. 

"Jeneza la Wiliam nililibeba mimi, mbele, upande wa kulia," alisema. "Kila nikifumba macho nalisikia begani. Si kikao, Mama Justa. Kikao ni pa kujificha. Naogopa."

"Najua."

"Wewe huogopi?"

"Naogopa mpaka kucha. Nikikuzika, nafukuzwa. Nikikaa, nakuzika vilevile, ila napewa pole." Aliweka karanga mbovu pembeni. "Mwili ni wako. Ukisema hatuendi, hatuendi, nitakuuguza hapahapa. Lakini usiseme unasubiri kikao. Sema unaogopa. Kisha twende hivyohivyo ukiogopa."

Onesmo aliichukua ile karanga mbovu, akaigeuzageuza vidoleni.

"Justa abaki na nani?" aliuliza.

Hapo Generoza akajua wanakwenda.

Dar es Salaam walimkuta Daktari Kudra, mpasuaji, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliwachorea kwenye karatasi.

"Hili ndilo ini. Uvimbe upo hapa pembeni. Tutakupa dawa ya usingizi, hutasikia kitu. Tutatoboa matundu matano tumboni, madogo, kama upana wa kidole. Tutajaza hewa maalumu ili tumbo linyanyuke, tupate nafasi ya kufanya kazi. Tundu moja linaingiza kamera. Mengine yanaingiza vyombo vyembamba virefu. Mimi nafanya kazi nikitazama kwenye runinga."

"Hewa?" Onesmo alishtuka. "Kaka yangu anasema saratani ikipata hewa inasambaa."

"Hewa hiyo haiilishi saratani. Tukimaliza tunaitoa. Uvimbe tunaukata pamoja na nyama kidogo isiyo na ugonjwa pembeni yake, tunauweka kwenye mfuko humohumo ndani, kisha tunapanua tundu moja na kuutoa ukiwa ndani ya mfuko. Haugusi kitu."

Onesmo aliinama juu ya mchoro. Uso wake ulibadilika. Ulikuwa uso wa mtu wa mgodini.

"Daktari, kwetu, mlima ukiwa mbovu, wenye nyufa, huufukui wote kutafuta mkanda wa dhahabu. Ukiufukua unakuangukia. Unashusha duara, shimo jembamba, unaufuata mkanda palepale ulipo."

Daktari Kudra aliinua macho. "Rudia hapo."

Akarudia.

"Nimefundisha madaktari vijana miaka saba," alisema, "na hakuna aliyenijibu vizuri hivyo. Ini lako ndilo huo mlima wenye nyufa. Siwezi kukata kipande kikubwa, maana lililobaki halitatosha. Siwezi kulipekua ovyo. Nashusha duara." Akaweka kalamu mezani. "Ila sikiliza na upande wa pili. Damu ikinishinda, nitafungua tumbo lote, sitakuuliza, utakuwa usingizini. Nakuomba ruhusa hiyo leo. Na saratani inaweza kurudi, kwa sababu makovu yanabaki. Kwa hiyo vipimo havitakoma maisha yako yote."

"Nimesikia."

Simu ya Generoza ikalia. Alikuwa Mzee Luka. Sauti yake ilisikika mpaka kwa daktari.

"Mmefika huko? Nani anasaini? Mimi ndiye mkubwa wa ukoo! Bila mimi hakuna anayesaini! Mpe daktari simu!"

Generoza akampa. Daktari Kudra alisikiliza kwa adabu mpaka mzee alipopumua.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimekuelewa, na pole kwa ndugu yenu aliyetangulia. Lakini mgonjwa ni mtu mzima na akili zake timamu. Sahihi ni yake. Si yako, si ya mkewe, si yangu." Akarudisha simu.

Onesmo alivuta karatasi.  Akasaini hivyohivyo akiogopa, herufi zikipanda na kushuka. Kwenye simu Luka aliita, "Mama Justa! Mama Justa!" Generoza akajibu, "Nakusikia, shemeji. Ameshasaini." Akakata.

Jumatatu walimwingiza saa mbili asubuhi. Generoza alikaa kwenye benchi la korido na mfuko wa karanga mbichi mapajani. Alichambua. Mlinzi mmoja alimtazama, akaenda zake, akarudi.

"Mama, hapa si sokoni."

"Mwanangu, mume wangu yumo mle ndani. Niache nichambue au nianze kupiga mayowe. Chagua."

Mlinzi akamletea kikapu cha kuwekea zile mbovu.

Saa nane ilipita. Generoza alikuwa amezichambua karanga zote, akazichanganya, akaanza upya. Hatimaye mlango ukafunguka. Daktari Kudra alitoka, alama ya barakoa usoni.

"Imetoka," alisema. "Nzima, ndani ya mfuko. Damu iliyopotea haijazi hata glasi moja. Hatukulazimika kufungua tumbo."

  Generoza alimpa daktari karanga. Daktari akazipokea kwa mikono miwili.

Kesho yake Onesmo aliketi kitandani. Keshokutwa alitembea mpaka dirishani, ameshika bega la mkewe, akilalamika kwamba uji hauna sukari. Siku ya sita akaruhusiwa. Baadaye lilikuja jibu la maabara. Kingo za nyama iliyokatwa hazikuwa na saratani.

Walirudi Segese. Bhoke hakuwapa hata muda wa kupumzika.

"Na ninyi wengine? Virusi hivi vinakaa kwenye damu. Vinapita kwa wembe, kwa kujamiiana, na kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Kesho wote kituoni."

Generoza na Justa walipimwa. Hawakuwa na virusi. Wakaanza chanjo, sindano ya kwanza siku ileile, na mbili nyingine kwa tarehe walizopangiwa.

Onesmo alirudi kwenye karasha baada ya miezi miwili. Sasa hakubeba mawe. Alipewa kazi ya kusimamia mashine, kitambaa kimefunga pua na mdomo, chupa ya maji kiunoni. Wenzake walimzunguka, wakamwita kwa utani wa Kisukuma.

"Ngosha, tuonyeshe ulipopasuliwa!"

Akapandisha shati. Palikuwa na vikovu vitano vidogo, kimoja kirefu kidogo kuliko vingine.

"Ndiyo hivyo tu?" mmoja aliuliza. "Umeibiwa! Huku hata mbigili unachoma zaidi ya hapo."

"Kunywa kimoja basi, tusherehekee," mwingine akasema. "Cha vumbi."

"Vumbi ni hili hapa," Onesmo alijibu, akanywa maji. "Na wewe, damu yako umeshaipima?"

Wiki ile wanaume saba wa karasha walikwenda kupima. Wawili walikutwa na virusi, mapema, makovu hayajaanza. Wakaandikishwa kliniki.

Ikafika Nane Nane. Kikao cha Mhunze kikakaa.

Generoza alivaa kitenge chake kizuri, akaenda. Onesmo alitembea mbele yake, amenenepa kidogo. Picha ya kwanza baada ya upasuaji ilikuwa safi. Watu waliinuka kumtazama. Shangazi mmoja alimshika mashavu kuhakikisha. Lakini Mzee Luka hakuinuka. Alisubiri mpaka watu wakae, akapiga fimbo chini mara mbili.

"Mungu amemponya ndugu yetu," alisema. "Tunashukuru. Lakini neno la ukoo lilivunjwa. Aliyelivunja yupo hapa. Apige goti, aombe radhi, tusonge mbele."

Wote wakamgeukia Generoza. Akainuka, akasogea mpaka mbele ya Luka, akapiga goti. Mzee alitabasamu.

"Shikamoo, shemeji," Generoza alisema.

"Marahaba. Sema sasa."

"Goti hili ni la shikamoo. Wewe ni mkubwa wangu na heshima yako ipo." Akainuka, akapangusa vumbi gotini. "Ninalo swali. Wiliam aliugua ini. Onesmo ameugua ini. Walizaliwa tumbo moja. Wewe je, shemeji, umezaliwa wapi?"

Watu walinong'ona. Luka alikunja uso.

"Unataka kusema nini?"

"Virusi hivi mama anaweza kumpa mtoto wakati wa kuzaa, na yeye mwenyewe asijue. Ninyi watatu mlipita mlango mmoja. Umewahi kupimwa?"

 Luka alitazama mikono yake. Onesmo akafungua vifungo vya shati, akasimama mbele ya kaka yake.

"Kaka, tazama. Wiliam alifika amechelewa. Mimi niliwahi, kwa sababu nilishikwa mkono. Wewe usichelewe."

Mzee Luka alinyoosha kidole, akagusa kovu moja, kisha la pili. Akayagusa yote matano. Alipoongea tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Inauma, kupima?"

"Sindano moja," Onesmo alisema. "Mbigili unazidi."

"Jumatatu, basi. Nitakwenda." Akajikohoza, akakumbuka kwamba kikao kizima kinamtazama. Akashika fimbo yake sawasawa. "Lakini neno ni neno. Mama Justa, sema tu 'nisameheni'. Neno moja. Tufunge kikao, tule."

"Chakula kiko tayari, nitapakua mimi mwenyewe," Generoza alisema. "Jumatatu nitakuja kukuchukua, shemeji, mimi mwenyewe. Radhi siombi."